Mwanangu, umeniuliza kama mume anaweza kufanya kitu

Mwanangu,

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza nikaona nisikujibu kwa voisi, maana jambo lenyewe refu na nataka ubaki nalo ulirudie hata ukiwa kwenye daladala. Umesema mtoto anaingia wiki ya nne, mama yake bado analia na ukimuuliza hasemi kitu, chakula anakigusa tu, mtoto akilala yeye macho kodo anaangalia dari, na jamaa yako wa kazini kakwambia hizo ni homoni tu, mwanaume hana cha kufanya hapo, subiri zitakaa sawa. Halafu ukamalizia, mama, hivi kweli mimi nikibadilika chochote kwake kinabadilika au najisumbua bure?

Kinabadilika baba, tena sana. Nakwambia kama mama yako na nakwambia kama mkunga aliyekaa wodi ya wazazi mpaka kustaafu.

Jamaa yako kasema kweli nusu. Kondo la nyuma likishatoka, zile homoni zilizopanda miezi yote ya mimba, estrojeni na projesteroni, zinaporomoka ndani ya siku chache tu, ndo maana wazazi wengi, zaidi ya nusu, siku ya tatu ya nne hivi utamkuta analia hata kwa kuona soksi za mtoto, na ukimuuliza mwenyewe hajui analia nini. Hicho kilio hakitishi, kinakuja na kinaondoka, wiki mbili zikipita kimeisha. Lakini wewe unaniambia wiki ya nne, na unaniambia hali wala halali hata anapopata nafasi ya kulala, hapo si kilio cha siku za mwanzo tena, hapo tunaongelea sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, na sonona ni ugonjwa mwanangu, si deko wala si uvivu, na wala si kwamba hampendi mtoto.

Sasa fikiria kidogo. Homoni zinamshuka kila mwanamke anayejifungua, awe Temeke awe Stockholm, mbona wote hawaugui? Shirika la Afya Duniani linasema kwa dunia nzima kama 13 kati ya wazazi 100 wanapata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na hilo tatizo mara nyingi ni sonona, ila ukija nchi zetu hizi zinazoendelea wanafika karibu 20 kati ya 100. Miili ni ileile. Kinachotofautiana kwa kiasi kikubwa ni yale mama anayoyakuta akitoka leba na kurudi nyumbani, umaskini, upweke, matusi, kazi ambazo hazijamsubiri apone, na katika hayo yote mume ndo yupo katikati. Yeye ndo anaweza kuyazidisha na ndo anaweza kuyapunguza.

Nimetaja Stockholm kwa sababu. Sweden mwaka 2012 walibadilisha sheria ya likizo ya uzazi, wakaruhusu baba na mama wawe likizo pamoja mpaka siku 30 ndani ya mwaka wa kwanza wa mtoto, na baba anaweza kuzichukua moja moja siku anapoona nyumbani pagumu, mke kaamka na homa ya ziwa, usiku mtoto hakulala, baba anabaki. Wachumi wawili, Petra Persson na Maya Rossin-Slater, wakaja kulinganisha wazazi waliojifungua kabla na baada ya hiyo sheria, wakakuta dawa za wasiwasi wanazoandikiwa mama katika miezi 6 ya mwanzo zimepungua kwa asilimia 26. Na hao akina baba hawakukaa nyumbani mwezi, wengi walichukua siku chache tu za ziada! Hilo ndo lililonishika mimi. Kumbe sio lazima uache kazi, ni kuwepo siku ile ambayo yeye kaelemewa.

Najua utaniambia mama hapa si Sweden. Ni kweli, sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inakupa baba siku 3 za malipo na uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, wakati mama ana 84, na Kenya hapo jirani baba anapewa wiki 2. Siku 3 ni chache mno, zinaishia kwenye kufuata kadi na kununua beseni. Lakini likizo yako ya mwaka unayo, ile ya siku 28, uliniambia unaiweka mpaka Desemba tuje wote kijijini. Usiiweke. Kaongee na bosi wako uchukue hata wiki moja sasa hivi, Krismasi tutakula hata bila nyie kuwepo, hakuna atakayekufa.

Tuje na huku kwetu Moshi. Hapa walifanya utafiti wakawafuatilia wanawake zaidi ya elfu moja tangu wakiwa wajawazito mpaka wakajifungua, wakiwauliza namna wanavyoishi na waume zao, kupigwa, kutukanwa, kulazimishwa tendo la ndoa, halafu baada ya kujifungua wakawapima sonona. Waliokuwa wanafanyiwa ukatili na mume walikuwa na hatari ya sonona kama mara 3 ya wenzao. Napenda huo utafiti kwa sababu uliwafuata toka mwanzo, maana kuna watu huwa wanasema ah huyo mama kwa vile anaumwa ndo anamuona mume mbaya. Hapana, ubaya ulikuwepo kabla, ugonjwa ukafuata. Na usidhani ukatili ni ngumi peke yake, nimeona wodini mwanaume hajawahi kunyanyua mkono lakini anakuja saa ya kuona wagonjwa anauliza mtoto gani, akiambiwa wa kike anaondoka bila hata kumgusa mke wake begani. Yule mwanamke unamkuta jioni amegeukia ukutani. India huko jimbo la Goa daktari Vikram Patel na wenzake waliliona hilohilo, mama aliyezaa wa kike wakati nyumba ilishapanga wa kiume, na juu yake mume mkali, huyo ndo anayeumia zaidi.

Wewe sijakulea hivyo na najua humpigi mtu. Lakini kutokupiga hakutoshi kuitwa msaada, na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo moyo wa barua yangu. Wewe umelipa hospitali, pampasi zipo, umemtafutia dada wa kazi, hela ya matumizi unaacha mezani, kwa hesabu yako umesaidia na uko sahihi kuhesabu hivyo, ni jasho lako. Lakini msaada unaomkinga mama na sonona ni ule anaousikia yeye, na si ule unaouhesabu wewe. Mke anaweza kuwa na kila kitu ndani na bado akawa peke yake. Kule London mtaa wa Camberwell watafiti George Brown na Tirril Harris waliwahoji wanawake wa kawaida, wa mtaani tu, si wazazi peke yao, na majibu yao wakayatoa mwaka 1978, kwamba mwanamke akipatwa na shida kubwa na hana mume au mpenzi wa kumwambia la moyoni, uwezekano wa kuangukia sonona unapanda sana kuliko mwenzake mwenye shida ileile ambaye anaye. Hapo hoja haikuwa mume analeta kiasi gani, ilikuwa kuna mtu unayeweza kumwambia kila kitu?

Kwa hiyo anza hapo. Usimuulize "una nini" maana hilo swali kalisikia mpaka limemchosha na hana jibu, kaa naye tu, mpokee mtoto, mwambie naona unaumia na sijakuchoka. Akisema kitu cha kutisha, mfano anajiona mama mbaya, au anajuta, usimkatishe kwa kumwambia "acha kuongea hivyo, mshukuru Mungu una mtoto mzima". Hiyo sentensi nimeisikia sana kwa ndugu wanaokuja kuona mzazi, wanaisema kwa upendo kabisa, lakini mwenye sonona akiisikia anafunga mdomo na hatasema tena. Msikilize mpaka amalize. Ukikosa la kusema, nyamaza lakini usiondoke.

La pili ni usiku, na hili wanaume wengi hawalijui, kwamba kukosa usingizi peke yake kunatosha kumwangusha mtu. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku usiku na mchana, ziwa ni la mama hilo huwezi kumsaidia, ila kumtoa mtoto kitandani, kumleta, kumcheulisha akishiba, kumbadilisha nepi, kumbembeleza mpaka alale, hayo yote yana mikono miwili na wewe unayo. Pangeni, yeye anyonyeshe saa tatu usiku alale, wewe ubaki na mtoto sebuleni mpaka atakapodai ziwa tena, na akishanyonya mchukue tena, usimwache na mama yake eti kwa sababu kesho una kazi. Na yeye ana kazi, kazi yake haina wikendi.

Kuna suala la kubemenda, nalo niliseme maana najua kuna bibi mmoja hapo mtaani kwenu atakuwa ameshaligusia. Watu wanaamini mume na mke wakikutana wakati mtoto ananyonya mtoto anabemendwa, anadhoofika, na kama umemletea jasho la nje ndo kabisa. Mtoto anadhoofika kwa kukosa lishe, kwa kuhara, kwa maradhi, na hayo yanatibika kliniki. Kinachoniuma ni matokeo ya hiyo imani, mwanaume anahamia chumba kingine, halafu anahamia kwa mwanamke mwingine, na mke anabaki na mtoto akijua kabisa kinachoendelea, na mtoto akiumwa analaumiwa yeye. Sikusemi wewe. Kusubiri mpaka mwili wake upone na yeye mwenyewe awe tayari ni haki yake, subiri, lakini usihame kitanda. Mnaweza kulala pamoja bila jambo lolote na akajua yuko na mtu.

Halafu ndugu. Mimi nikiwemo. Mzazi anapokea wageni kuliko kituo cha basi na kila anayeingia ana la kusema, maziwa hayamtoshi huyu mtoto mpe uji, mbona mwembamba, mbona hujafunga tumbo, sisi zamani tulizaa tukaenda shamba. Siku hizi tunaongea kana kwamba zamani mzazi alikuwa anatupwa, si kweli, huku Uchagani mzazi alikuwa anakaa ndani miezi akiletewa mtori, supu, maziwa, na mume ndo alikuwa anachinja mbuzi kwa ajili yake, na pwani mzazi anakandwa maji ya moto na kuangaliwa mpaka arobaini yake. Huko mjini mmebaki na wageni bila mkono wa kumsaidia. Kazi ya mlango ni yako. Kama hataki wageni leo, wewe ndo useme, si yeye, na useme kwa jina lako kabisa, "mimi nimeomba apumzike." Akisikia wewe umesimama mbele yake mbele ya ndugu zako, hiyo ni dawa ambayo sikuwahi kuwa nayo kwenye trei yangu wodini.

Lakini dawa za hospitali nazo zipo na huu ndo upande ambao nataka uushike vilevile kwa nguvu. Usijidanganye kwamba ukiosha vyombo na kubeba mtoto basi sonona itaisha, inaweza kuisha na inaweza isiishe, upendo wako haupimi damu wala hauandiki dawa. Umesema wiki ya nne, basi siku ya 28 ndo siku yake ya kurudi kliniki baada ya kujifungua, ilikuwepo ya 7, inakuja ya 28, halafu 42. Nenda naye. Usimwache aende na dada. Mkifika mwambie nesi waziwazi haya uliyoniambia mimi, maana akiulizwa yeye atasema niko sawa. Omba wampime wingi wa damu, mama aliyepoteza damu nyingi leba anaweza kuwa mchovu na mnyonge kwa sababu hiyo tu, na waangalie na tezi ya shingo ikiwezekana, nayo huwa inasumbua baada ya uzazi.

Wanaweza kumuuliza maswali 10 yaliyotungwa Edinburgh mwaka 1987 na daktari John Cox na wenzake Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, yanauliza siku 7 zilizopita ulikuwa unaweza kucheka, ulijilaumu bila sababu, ulikuwa na hofu, ulishindwa kulala kwa huzuni, na la kumi linauliza kama umewahi kuwaza kujidhuru. Huyo Cox kabla ya hapo alikuwa Uganda miaka ya 70 akichunguza wajawazito na wazazi, na alikuta Waganda wana jina la ugonjwa wa akili wa mzazi, amakiro, wakiamini unatokana na uzinzi wa mke au mume wakati wa mimba. Na huku kwetu si unajua mwanamke uchungu ukichelewa anaambiwa ataje wanaume zake. Mama anaumwa, halafu anahukumiwa juu ya ugonjwa wake! Ndo maana wengi wananyamaza, na ndo maana mume akiwa upande wake tangu mwanzo, hata kwenda hospitali inakuwa rahisi kwake.

Lile la kumi muulize hata wewe nyumbani, kwa upole, usiogope kwamba ukiuliza utampandia wazo, haiwi hivyo. Akikwambia ndiyo, usimwache peke yake hata dakika, mwende siku hiyohiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, Amana, Temeke au Mwananyamala ile iliyo karibu, mseme mnatafuta watu wa afya ya akili. Na kama ukiona anasikia sauti, au anasema mtoto si wake kabadilishwa, au halali kabisa na hachoki anaongea tu mambo hayaeleweki, hicho ni kichaa cha uzazi, ni wachache sana, mmoja au wawili katika uzazi elfu moja, ila ni dharura kama damu kutoka. Mchungaji aje akamwombee hukohuko wodini, nitafurahi, lakini gari liende hospitali kwanza.

Kwa sonona ya kawaida wanaweza wakaanza na mazungumzo tu. Pakistani vijijini, mtaalamu Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa kawaida, wanawake wa kijijini siyo madaktari, kuwatembelea mama wenye sonona na kuongea nao kwa utaratibu maalumu huku familia ikishirikishwa, na miezi 6 baada ya kujifungua waliobaki na sonona walikuwa 23 kati ya 100, na kwa wale wengine waliotembelewa bila hayo mafunzo walikuwa 53. Matokeo yalitoka 2008. Kwa hiyo maneno yanatibu, yakipangwa vizuri. Na dokta akiona dawa inahitajika, zipo ambazo mama anameza na anaendelea kunyonyesha, usikubali mtu amwambie aache ziwa au aache dawa bila dokta kusema.

Na wewe? Hukunieleza lolote juu yako ila sauti yako niliisikia. Akina baba nao wanaugua, utafiti uliokusanya tafiti nyingi ukatoka mwaka 2010 ulikuta kama baba 1 kati ya 10 ana sonona kipindi mke ana mimba au mtoto bado mchanga, na mara nyingi ni pale mke naye anapoumwa. Mwanaume halii, sonona inamtoka kwa hasira, kwa kuchelewa kurudi, kwa bia. Ukijiona unatafuta sababu ya kubaki kazini usiku, jua unakimbia kitu, nipigie. Kaka yako yupo hapo Mbagala, mwambie, asikupe ushauri wa kijiweni lakini aje akae na mtoto Jumapili mkatembee nyie wawili mpaka hapo dukani na kurudi.

Mimi niko tayari kuja, ndizi za mtori zipo shambani na basi la asubuhi linafika Dar jioni. Ila sitaki unijibu wewe. Muulize mkwe wangu kama anataka nije, na muulize akiwa ameshakula na mtoto uko naye wewe, na kama anasema hapana basi ni hapana, sitanuna, nitatuma ndizi kwa gari wewe uzimenye, namna ya kupika nitakuelekeza kwenye simu. Kama anataka mama yake mzazi badala yangu, lipa nauli ya mama yake hiyohiyo kesho.

Siku ya kliniki mkitoka nitumie meseji mlivyoambiwa.

Mama yako